Sauti ya Mzee Darasani

Leo tutazungumza juu ya kutumia sauti zilizonaswa ili tujifunze elimu ya jamii, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja.

Labda utauliza: "Jamii naijua, nimezaliwa ndani yake. Nijifunze nini tena?" Ni kweli, unaijua. Lakini mtu aliyezoea mfereji upitao nyuma ya nyumba yake hausikii tena mlio wake. Kinasa sauti hutusaidia kuusikia upya.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa Tanzania walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana. Ilikuwa njia njema. Lakini neno la redio likipita limepita. Sauti iliyonaswa huweza kurudiwa, na faida yake kubwa ni hiyo.

Chukueni mfano wa ndiva. Ninyi wa Same na milima ya Upare mnajua kwamba ndiva ni bwawa walilotuachia wazee. Maji hukusanywa humo usiku, na mchana hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Siku moja nilikwenda kwa mzee mmoja wa milimani, nikanasa maelezo yake juu ya ndiva ya kijiji chake. Kisha nikaifungulia sauti ile darasani mara mbili.

Mara ya kwanza wanafunzi walisikia habari za maji tu. Kabla ya mara ya pili niliandika ubaoni maneno matatu: kanuni, wajibu, adhabu. Nikasema, "Mkisikia mojawapo, inueni mkono."

Mzee aliposema kila mwenye shamba hungoja zamu yake, mikono iliinuka: hiyo ni kanuni. Aliposema yuko mtu aliyechaguliwa kufungua na kufunga maji, iliinuka tena: huo ni wajibu. Aliposema asiyefika kwenye msaragambo wa kuzoa tope hutozwa faini, wote walijibu pamoja: adhabu! Maneno yaliyokuwa magumu kitabuni yakawa mepesi.

Ndipo mama mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona tunamsikia mwanamume peke yake? Na sisi tunaomwagilia, nani alituuliza?" Swali lake lilikuwa somo kubwa kuliko langu. Sauti ya mtu mmoja ni ushahidi wa mtu mmoja. Si sauti ya kijiji kizima.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Mle ndani mzee alitaja ugomvi wa zamani wa kuibiana zamu ya maji, akautaja na ukoo uliohusika. Mjukuu wa ukoo ule alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinuka akatoka, na kwa majuma mawili hakuja darasani. Mimi sikumwambia mzee kwamba maneno yake yatasikiwa na watu wengine, wala sikuisikiliza sauti yote kabla ya kuwaletea wanafunzi. Nilikwenda kwa mzee nikamwomba radhi, kisha nikaenda kwa kijana yule.

Basi shikeni mambo matatu. Kwanza, omba ruhusa, na mweleze mtu nani atamsikia. Pili, sikiliza yote peke yako kabla ya darasa. Tatu, usinase sauti moja tu. Mtafute na yule ambaye hajaulizwa.

Msidhani kazi hii ni mchezo. Mwaka 1969 kilichapishwa kitabu cha Isaria Kimambo juu ya historia ya siasa ya Wapare. Habari nyingi za kitabu hicho zilitoka katika vinywa vya wazee. Kama asingeketi akawasikiliza, nyingi zingezikwa pamoja nao.

Siku hizi hata simu ya mkononi hunasa sauti. Kabla ya somo lijalo, mwombeni mzee mmoja, mwanamke au mwanamume, aeleze kwa dakika tano jinsi kazi moja ya pamoja inavyofanywa kijijini. Sikilizeni mara mbili, kisha mjibu:

1. Ni kanuni gani mmesikia?
2. Nani ana wajibu gani?
3. Ni nani ambaye sauti yake haimo?

Swali la tatu msiliruke. Kwaherini.