Anza na bidoni: maneno kwa vijana wanaotaka kujifunza desen anime



Asanteni kwa kufika, hata wale waliotembea kwa miguu juu transpo imepanda.

Wengi wenu muliniuliza: formasio ya desen anime iko wapi, wanalipa ngapi? Jibu langu ni fupi: usingoje formasio. Mimi sikujifunza ku masomo. Nilijifunza na telefone yenye kioo cha kupasuka, usiku, wakati umeme ulikuwa umerudi.

Lakini kwanza, kwa nini harakati ya raia inazungumzia katuni? Munajua kazi yetu. Tunafilme watu wenye kusema ukweli juu ya maji, barabara, ushuru. Mama mmoja alituelezea yote, bila woga. Kisha siku mbili akatuomba tufute video, juu watu walikuwa wameanza kumuonyesha kidole ku soko. Tulifuta. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na yalipotea pamoja na sura yake. Desen njo inaweza kubeba maneno bila kubeba sura. Ila muangalie: usichore kitenge chake wala mlango wake, na sauti yake isomwe na mutu mwingine. Na umuombe ruhusa mbele ya kuanza.

Hii si kintu kigeni kwetu. Jean-Michel Kibushi, Mkongomani, alitoa «Le Crapaud chez ses beaux-parents» mwaka 1991. Kisha akafanya «Septembre noir», juu ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Alionyesha wakati ule kwa desen.

Sasa, namna ya kuanza. Filamu inaonyesha picha 24 kwa sekunde. Mwanafunzi achore 12 tu, kila picha ikae mara mbili. Sekunde 5 ni picha 60. Usianze na filamu ya dakika kumi juu ya historia ya inchi. Utaiacha njiani, kama mimi niliacha ya kwangu tatu.

Anza na bidoni ya maji. Hapa Bukavu nani hajabeba bidoni ya litri 20 akipanda Kadutu? Chora bidoni mbili za kufanana kabisa, zianguke. Moja ni tupu: inagusa chini, inaruka, inaruka tena kidogo, inalala. Ingine imejaa: inaanguka, pu!, inabakia pale pale. Desen ni ile ile. Uzito unatoka wapi basi? Unatoka ku nafasi kati ya picha. Picha zikiachana mbali, kintu kinaenda mbio. Zikikaribiana, kinaenda polepole. Kintu chenye kuanguka kinaongeza mbio, kwa hiyo nafasi zinazidi kupanuka mpaka chini. Ukishika hiyo, umeshika nusu ya kazi. Kisha chora mama mwenye kuibeba: mgongo wake njo utasema kama imejaa.

Vyombo? Karatasi na telefone ya kupiga picha vinatosha. FlipaClip inafanya kazi ku telefone. Mwenye ordinatere atafute Krita ama Blender. Hizo mbili ni za bure. Mmoja apakue kwa mega zake, wengine wakopi ku kle USB. Huo si wizi, lisansi yenyewe inaruhusu. Ila Blender inadai mashine ya nguvu kidogo, usivunjike moyo ikikwama.

Gints Zilbalodis wa Latvia alifanya «Away» peke yake, ikatoka 2019. «Flow», aliyoifanya na ekipe kwa Blender hiyo hiyo ya bure, ilipata Oscar mwaka 2025. Sisemi kesho utapata Oscar. Nasema chombo alichotumia, wewe pia unaweza kukishika.

Umeme utakatika, najua. Save kila mara. Na kama desen yako ni mbaya, ilete vile vile. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa bidoni yenye kufanana na mbuzi.

Mkutano ujao, kila mutu alete sekunde 5: bidoni tupu, bidoni ya kujaa. Kisha tutamurudilia yule mama, tumuulize kama anakubali tuchore maneno yake. Akikataa, tutaheshimu. Akikubali, tuwe tayari.