Uhuru wa kusema mtandaoni unafika wapi?

Ukiandika Facebook, X au kwenye kundi la WhatsApp, Katiba ya Kenya ya 2010 iko nawe. Ibara ya 33 inalinda maoni yako, hata yakimkera mkubwa. Lakini ibara hiyohiyo hailindi propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Kumwambia mbunge wako hajatengeneza barabara ni haki yako. Kuandika kwamba kabila fulani lifurushwe mtaani ni kosa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyotungwa baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Serikali nayo ina mpaka wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kwa kuwa hakikueleza waziwazi kosa lenyewe ni lipi. Ilistahili hivyo, raia hawezi kutii sheria asiyoielewa.

Basi ndugu yangu, mkosoe kiongozi bila woga. Ujumbe wa kuchochea ukikufikia, usiusambaze.