ASKARI LANGONI NA HAKI YA MFANYAKAZI

Katika mazungumzo yetu ya leo tunapenda kusema na askari wa jeshi na wa polisi, na hasa wale waliopata kutumwa katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka mlango wa Mto Ruvuma kupitia Palma na rasi ya Afungi mpaka Mocímboa da Praia. Huko Afungi ndiko panapojengwa kiwanda cha kuigeuza gesi asilia ya baharini kuwa kimiminika, kiwanda kilichokusudiwa kutoa tani milioni 13 kwa mwaka. Askari wa Msumbiji wamelinda eneo hilo. Na tangu Julai 2021 wakaja askari wa Rwanda, na wa nchi za SADC ambao ujumbe wao ulikoma mwaka 2024.

Penye kazi kubwa namna hiyo huja pia watu wasioshika silaha, nao ni wakaguzi wa hali za kazi. Wana maneno yao, na askari akiyasikia hudhani ni maneno ya mwajiri na vibarua wake, yasiyomhusu yeye. Kusudi la mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba yanamhusu, na kwamba mengi yake huanzia pale pale aliposimama yeye, yaani langoni.

Neno la kwanza ni uzingatiaji wa masharti ya kijamii. Maana yake ni kwamba kiwanda hakipimwi kwa mali kinayotoa tu, bali kwa namna kinavyotimiza sheria za nchi, mikataba ya kimataifa na ahadi zake chenyewe juu ya watu: umri wao, ujira, saa za kazi, usalama, malazi na chama chao. Tena mwaka 2000 serikali za Marekani na Uingereza, pamoja na makampuni ya mafuta na madini na mashirika ya haki za binadamu, zilikubaliana Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu. Tangu hapo mlinzi naye ni miongoni mwa mambo yanayokaguliwa.

Neno la pili ni kazi ya shuruti. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaieleza kuwa ni kazi yoyote anayodaiwa mtu kwa kutishiwa adhabu, naye hakujitolea kuifanya kwa hiari. Wazee wa Cabo Delgado hawakuhitaji mkataba huo kuijua kazi hiyo. Waliiita chibalo. Waliionja chini ya Kampuni ya Nyassa, iliyotawala kaskazini ya Msumbiji mpaka mwaka 1929, na tena katika kilimo cha pamba cha lazima. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Ureno iliuridhia mkataba ule mwaka 1956, lakini mkulima wa Msumbiji aliendelea kulazimishwa kulima pamba mpaka mwaka 1961. Karatasi ilikuwa Geneva, shuruti ilikuwa shambani.

Lugha yetu yenyewe inakumbuka mambo hayo. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi za kutwa. Kipande ni kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30, ndipo mtu alipwe. Aliyeishika kadi alimshika mwenye kadi. Ndiyo maana leo, katika dalili 11 za kazi ya shuruti zilizotajwa na Shirika la Kazi Duniani, mojawapo ni kuzuia hati za mtu, na nyingine ni kumnyima uhuru wa kutoka. Sasa tuulize: ni nani langoni aambiwaye na msimamizi, "Hizi pasi na vitambulisho vya vijana hawa kaa navyo mpaka mwezi uishe"? Ni askari. Akikubali, amekuwa nyenzo ya shuruti, ingawa yeye mwenyewe hadhani kwamba amefanya ubaya. Kukagua hati na kumrudishia mwenyewe ni ulinzi. Kuiweka sandukuni ili asiondoke ni jambo jingine kabisa.

Mkataba huo huo unataja kazi ambazo hazihesabiwi kuwa shuruti, na mbili zawahusu ninyi. Utumishi wa jeshi wa lazima haumo, maadamu kazi ni ya kijeshi hasa. Kamanda akiwatuma kurutu kubeba matofali ya mkandarasi, kazi hiyo si ya kijeshi tena. Vile vile kazi ya mfungwa haimo, maadamu amehukumiwa na mahakama, anasimamiwa na serikali, wala hakukodishwa kwa mtu binafsi au kampuni. Mahabusu ambaye hajahukumiwa hana deni la jasho kwa mtu yeyote. Msumbiji iliuridhia mkataba huu mwaka 2003, kwa hiyo haya ni masharti ambayo taifa limejifunga nayo.

Neno la tatu ni ukaguzi, nalo lina sura mbili zisizofaa kuchanganywa. Yuko mkaguzi wa kazi wa serikali. Mkataba namba 81, ambao Msumbiji iliuridhia mwaka 1977, unampa haki ya kuingia mahali pa kazi panapokaguliwa, wakati wowote wa mchana au usiku, bila kutoa taarifa, maadamu ana kitambulisho chake. Mlinzi anayemwambia, "Subiri kwanza nimwulize meneja," na kumweka juani saa mbili wakati ndani mambo yanapangwa, amevunja ukaguzi ule. Na yuko mkaguzi wa kukodiwa, ambaye mara nyingi huja kwa miadi, hulipwa na kampuni, naye huikabidhi taarifa kampuni iliyomlipa. Kazi yake ina faida, lakini ina mipaka.

Mipaka hiyo ilionekana Karachi, nchini Pakistan. Mwezi Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha kutimiza masharti ya kijamii. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kikawaka moto, na watu zaidi ya 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Mkaguzi aliyetoa cheti hukaa siku chache, kisha huenda zake. Mlinzi hupita mbele ya mlango uliofungwa kila usiku, naye ajua ufunguo uko kwa nani.

Tuongeze hapa neno saa za kazi. Sheria ya kazi ya Msumbiji ya mwaka 2023 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Orodha ya mishahara yaweza kuonyesha saa 8, lakini kitabu cha lango kikaonyesha kwamba mtu yule aliingia alfajiri na kutoka usiku. Kwa sababu hiyo kitabu cha lango kikiandikwa kwa uaminifu ni shahidi mkubwa. Askari asikubali kuandikishwa saa za uongo.

Neno la nne ni mkandarasi mdogo. Kampuni kuu humpa kazi mkandarasi, naye humpa mwingine, na mwingine, mpaka mfagiaji na dereva hawajui mwajiri wao ni nani. Tarehe 24 Machi 2021 waasi waliposhambulia Palma, watu wengi wa makampuni ya wakandarasi walikuwa mjini, nje ya uzio wa Afungi, na baadhi yao walikimbilia Hoteli ya Amarula. Tarehe 26 msafara wa magari uliotoka hotelini ulivamiwa njiani na watu wakauawa. Mwezi Oktoba 2023 baadhi ya manusura na jamaa za waliokufa walipeleka malalamiko nchini Ufaransa dhidi ya kampuni ya TotalEnergies, ambayo imekanusha lawama hizo. Mahakama na iamue. Swali lililoulizwa ni lile lile la wakaguzi: wajibu wa kumwangalia mtu unaishia kwenye uzio, au unamfuata mpaka anapolala?

Neno la tano ni uhuru wa kujumuika, na pamoja nalo njia ya malalamiko. Msumbiji iliiridhia mikataba ya uhuru wa vyama na ya majadiliano ya pamoja mwaka 1996. Wafanyakazi waliokusanyika langoni kudai ujira wao si waasi kwa sababu tu wamepaza sauti. Askari wa Cabo Delgado hana haja ya kusafiri mbali kujifunza jambo hili. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kusema na watawala, wakajibiwa kwa risasi. Na miaka minne baadaye vita vya ukombozi vilianza katika mkoa ule ule. Lalamiko lisilo na mlango wa kuingilia hutafuta mlango mwingine.

Ndugu wasikilizaji, hatusemi haya kama nadharia. Mwaka 2023 taarifa ya Jean-Christophe Rufin, iliyoagizwa na TotalEnergies yenyewe, ilishauri kukata uhusiano wa moja kwa moja, pamoja na malipo, kati ya mradi na kikosi kilichoulinda. Mwezi Septemba 2024 gazeti la Politico lilichapisha tuhuma kwamba mwaka 2021 askari waliwafungia raia katika makontena kwenye lango la Afungi, wakawatesa na kuwaua wengi. Mwezi Machi 2025 uchunguzi wa jinai ulifunguliwa Msumbiji. Tarehe 1 Desemba 2025 Uingereza ilitangaza kuondoa fedha ilizoahidi kuudhamini mradi, na Uholanzi nayo ikajitoa. Sisi hatumhukumu mtu kwa tuhuma. Lakini kila askari aone jinsi lango moja linavyoweza kuwekwa mbele ya macho ya dunia nzima.

Kwa hiyo askari anayepangiwa lindo kwenye kiwanda ajiulize mambo machache kila zamu. Je, hati za watu ziko mikononi mwao? Mlango wa dharura unafunguka? Kitabu cha lango kinasema kweli? Mkaguzi wa serikali akija, ataingia? Na mtu mwenye lalamiko, ameonyeshwa pa kulipeleka? Akiona kosa, aliandike na kulipeleka kwa mkuu wake, pamoja na tarehe na saa. Kazi hiyo haihitaji cheo kikubwa, wala haipunguzi ulinzi. Askari anayeifanya anakilinda kiwanda pamoja na watu waliomo ndani yake.