Haki Ndiyo Ngao ya Kaskazini



Twasimama mbele yenu tukiwa mawakili, na tukiwa waumini walioomboleza pamoja nanyi. Tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Wakristo na Waislamu, na watu 148 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Tangu siku hiyo tumesikia, hata makanisani mwetu, sauti zikidai kwamba kaskazini-mashariki itawaliwe kwa mkono wa chuma. Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Je, moto huo haujapata kujaribiwa?

Ulijaribiwa. Desemba 1963, mwezi ule ule wa uhuru, Serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo, nayo haikuondolewa hadi 1991. Mkenya wa Wajir aliweza kutiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965, sera ya Serikali ilielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Nyika ikaachwa bila barabara. Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakanyimwa maji, wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura wametaja maelfu.

Hatusemi kwamba dhuluma hiyo inamhalalishia mtu yeyote kumwaga damu. Wala umaskini peke yake hauzai muuaji: mmoja wa wavamizi wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini zingatieni jambo moja. Baba yake, chifu wa Mandera, alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Mzazi huyo aliiamini Serikali. Ni wazazi wangapi watakaothubutu kufanya hivyo, ikiwa jirani zao wanasombwa usiku kwa sababu ya kabila lao, kama ilivyotendeka Aprili 2014, Wasomali walipozuiliwa katika uwanja wa Kasarani?

Desemba 2015, basi lilishambuliwa likielekea Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Wengine waliwavisha hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Hao ndio tunaotaka kuwaadhibu kwa jumla?

Basi tudai haya bila woga. Muuaji akamatwe, ashtakiwe, ahukumiwe kwa kosa lake mwenyewe. Kila mshukiwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, kama Ibara ya 49 ya Katiba inavyoagiza. Hazina ya Usawazishaji, iliyoundwa na Ibara ya 204, ilete maji, barabara, hospitali na umeme kwa waliosahauliwa.

Tulipopigania vyama vingi, tulikataa kizuizini bila mashtaka kwa ajili yetu. Tusikikubali leo kwa ajili ya jirani zetu.