"Kila Mtu" na "Kila Raia": Maneno kwa Wanaojiandaa na Mtihani wa Uraia

(Hotuba iliyotolewa Kagunga katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniagiza niseme juu ya kujiandaa na mtihani wa Uraia, hasa upande wa sheria na Katiba. Mimi si mwalimu. Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na kazi ya karani ni kusoma karatasi za watu wengine kutwa nzima. Kwa hiyo nitasema juu ya kusoma, maana ndilo jambo ninalolijua.

Kwanza niwageukie wazee wenzangu. Nimewaona wawili wamekuja na madaftari yao ya zamani ili wawagawie vijana. Nia ni njema, lakini naomba madaftari hayo yarudi kwenye mikoba. Sisi tulifanya mtihani wa Siasa. Nilipomaliza Kidato cha Nne, mwaka 1983, Katiba ya mwaka 1977 haikuwa na sehemu ya haki za binadamu ambayo mtu angeweza kuishika na kwenda nayo mahakamani. Sehemu hiyo iliingizwa na mabadiliko ya tano ya mwaka 1984, na hata hapo utekelezaji wake mahakamani ukaahirishwa kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, Siasa ikaiachia Uraia nafasi. Tangu mtaala wa mwaka 2023 majina ya masomo yanabadilika tena. Daftari la mwaka 1983 ni kumbukumbu nzuri, lakini kwenye mtihani ni sumu.

Hata daftari la juzi juzi lina hatari yake. Chukueni Baraza la Kata. Miaka mingi wanafunzi waliandika kwamba Baraza la Kata husikiliza mashauri ya ardhi na kutoa uamuzi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na sasa kazi ya baraza katika ugomvi wa ardhi ni kusuluhisha, si kuamua. Anayeandika jibu la zamani anaeleza nchi ambayo haipo tena.

Basi vijana, msome nini? Someni Katiba yenyewe. Si muhtasari wake, si maswali na majibu yaliyochapwa na mtu asiyejulikana. Tena anzeni na nakala ya Kiswahili. Najua mtihani wenu huandikwa kwa Kiingereza, na jambo hilo lina wabishi wake, sitaliingia leo. Lakini Katiba yetu iliandikwa kwa Kiswahili. Ielewe kwanza kwa lugha uliyonunulia dagaa leo asubuhi, kisha ndipo utafute maneno ya Kiingereza ya kujibia. Anayekariri Kiingereza cha jambo asilolielewa hana pa kushika swali likigeuzwa kidogo tu.

Nitawaonyesha maana ya kusoma. Fungueni Ibara ya 14, ya haki ya kuishi. Inaanza na maneno "kila mtu". Ibara ya 15, ya kuwa huru, nayo ni "kila mtu". Sasa nendeni Ibara ya 17, ya kwenda utakako na kuishi utakako. Hapo maneno ni "kila raia". Ibara ya 21, ya kushiriki katika utawala wa nchi: "kila raia". Ibara ya 5, ya kupiga kura ukitimiza miaka 18: "kila raia". Ibara ya 24, ya kumiliki mali: "kila mtu". Iko hata ibara yenye maneno yote mawili katika sentensi moja, nayo ni ya 11, juu ya elimu: kila mtu ana haki ya kujielimisha, bali kutafuta elimu katika fani unayopenda hadi upeo wowote kumetajwa kwa kila raia. Na hiyo ya 11 ina mtego mwingine. Iko katika ile sehemu ya malengo ya taifa ambayo Ibara ya 7 inasema haitekelezwi na mahakama. Mwanafunzi anayeandika kwamba mtoto aliyekosa shule afungue kesi chini ya Ibara ya 11 ameijua ibara, hakusoma jirani yake.

Mtaniuliza, mtu na raia vina tofauti gani kubwa hivyo? Ndugu zangu, hakuna kijiji Tanzania kinachoweza kulijibu swali hilo kuliko Kagunga.

Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo mwaka 2015. Mwezi wa Aprili mwaka ule, Burundi ilitangaziwa kwamba Rais Nkurunziza angegombea muhula wa tatu. Mwezi wa Mei kukawa na jaribio la kumpindua, likashindwa. Watu wakavuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi, na makumi ya maelfu wakajikuta kwenye ufuko huu mwembamba, mlima nyuma, ziwa mbele. Maji safi hayakuwepo ya kutosha, wala vyoo. Kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 wakafa mkoani katika majuma machache tu, karibu wote wakimbizi. Wazee walioketi hapa mbele wanajua zaidi kuliko nitakavyosema. Meli ya Liemba, ile ile iliyoletwa na Wajerumani na kuelea hapa ziwani mara ya kwanza mwaka 1915, ikawa inawachukua kutoka hapa hadi Kigoma, na kutoka Kigoma wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu.

Sasa msome tukio hilo kama swali la mtihani. Mtu aliyeshuka hapa na mtoto mgongoni alikuwa na haki gani Tanzania? Hakuwa raia. Lakini Ibara ya 14 haisemi raia. Haki ya kuishi alikuwa nayo tangu mguu wake ulipokanyaga mchanga huu, na yule mwenyeji aliyempa maji alikuwa upande wa Katiba hata kama hakuwahi kuiona. Je, angeweza kwenda kupanga chumba Ujiji na kufungua duka? Hapo Ibara ya 17 inasema raia. Ndiyo maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaweza kumtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, yaani kambini. Unaweza kuona jambo hilo ni gumu. Mimi naliona gumu. Lakini ukitaka kulipinga katika insha, sharti kwanza uonyeshe unajua limekaa juu ya neno gani.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho napenda kila kijana wa Kagunga akijue. Anayeingia nchini kuomba hifadhi, hata kama hakupita kwenye njia halali, atajitokeza mapema, si zaidi ya siku saba, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, au mlinzi wa amani, au Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Mtendaji wa Kijiji! Wanafunzi wakiulizwa vyombo vinavyotekeleza sheria za kimataifa hutaja Umoja wa Mataifa na Geneva. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mwaka 1964, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaweka mkataba wake mwaka 1969. Yote hayo ni kweli, yaandikeni. Lakini mwisho wa safari ya mikataba yote hiyo ni ofisi yenye meza moja kijijini. Mwanafunzi anayeweza kufuata njia hiyo kutoka Geneva hadi kwa mtendaji ameelewa sheria ni kitu gani.

Nije kwenye jambo zito zaidi. Mtihani hupenda kuuliza njia za kupata uraia: kuzaliwa, kurithi, na tajnisi. Mnakariri tatu hizo mnapata maksi zenu. Lakini hapa mpakani swali hilo halingoji Novemba. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu wa Kagunga na mtu wa ng'ambo ya mpaka huoleana, huuziana samaki, na huzikana. Kwa hiyo kijana wa hapa akisafiri anaweza kuulizwa yeye ni wa wapi kwa sababu tu ya lafudhi yake. Lafudhi si ushahidi wa uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haina kifungu cha lafudhi. Ina vifungu vya mahali pa kuzaliwa, vya wazazi, na vya masharti ya tajnisi. Kisomeni kila kimoja. Mtakapoulizwa mfano wa tajnisi, msiandike "mgeni tajiri aliyeleta mtaji", kama nilivyoona kwenye karatasi moja. Andikeni juu ya Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972. Zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao na watoto wao walikubaliwa uraia, jambo lililotangazwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mtu amelima nchi hii miaka 40 akiwa "kila mtu", ndipo akawa "kila raia". Sijui mfano mkubwa kuliko huo.

Juu ya kujibu maswali nitakuwa mfupi, maana walimu wenu wanajua. Swali likikuletea kisa, usikimbilie kutoa hotuba juu ya utawala bora. Tuseme kisa ni kijana mvuvi aliyekamatwa ufukoni na kuwekwa ndani siku nne bila kuelezwa kosa. Eleza kwanza kilichotokea kwa sentensi moja. Kisha sema swali la kisheria ni lipi: je, amenyimwa uhuru wake kwa utaratibu uliowekwa na sheria? Kisha taja ibara: ya 15 juu ya uhuru, na ya 13(6) juu ya kusikilizwa kwa haki na kutohesabiwa mkosaji kabla ya kuthibitika. Kisha rudi kwa yule kijana, umalizie naye. Wengi humsahau. Wanataja ibara tano halafu kijana anabaki rumande.

Na mkiweza, mjue kesi moja au mbili kwa ndani badala ya majina kumi kwa nje. Mimi nawapa moja ya Kanda ya Ziwa. Mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akapinga, akisema kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mpwa, Mahakama ya Wilaya ikakubaliana na mama. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba zile haki za mwaka 1984 zimeishinda mila hiyo. Tazameni kesi moja ilivyobeba: ngazi tatu za mahakama, mila kama chanzo cha sheria, na usawa wa wanawake na wanaume. Nayo ilitokea miaka miwili tu baada ya mlango ule wa Machi 1988 kufunguliwa.

Tena sheria msiione kama kitu cha Dodoma tu. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, nanyi mlijua nyumbani kwa ukubwa wa sufuria. Hiyo ni sheria ya mataifa ikifanya kazi: nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zimefungwa na mkataba wa mwaka 2003 wa kulitunza pamoja. Ukiulizwa faida na hasara za mikataba ya kimataifa, una mfano ambao mwanafunzi wa Dar es Salaam hana.

La mwisho ni muda. Nafahamu baadhi yenu huingia ziwani usiku na karabai, na asubuhi darasani macho yanafunga. Sitawaambia muache, maana ada na madaftari vinatoka humo humo. Nasema hivi: wiki ya mbalamwezi dagaa hawafuati taa, na wavuvi hupumzika. Wiki hiyo ndiyo iwe ya Katiba. Kati ya sasa na Novemba ziko kadhaa, zihesabuni. Someni wawili wawili, mmoja akisoma ibara kwa sauti, mwenzake akisema ni ya kila mtu au ya kila raia, na kwa nini.

Chama chetu kimeleta nakala 20 za Katiba kwa Kiswahili. Kumi zinabaki hapa kwa mwalimu wa Uraia, kumi zinarudi nasi shuleni. Haziazimwi na watu wazima. Boti inaondoka saa nane, kwa hiyo tuna muda wa maswali, na naomba kila anayesimama aanze kwa kututajia ibara yake.