Uliza Vizuri, Soma Sawasawa: Hatua za Kwanza katika Lugha ya C

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana wanaoanza mafunzo ya kuandika programu za kompyuta

 

Pengine mnajiuliza afisa wa mawasiliano anatafuta nini katika darasa la kompyuta. Kazi yangu ni kuuliza maswali, kusikiliza majibu na kuwapasha wananchi habari sahihi. Programu nayo hufanya vivyo hivyo: hupokea taarifa kutoka kwa mtu, huifanyia kazi, kisha humpa jibu. Ikisikia vibaya, itajibu vibaya, hata kama hesabu yake haina kasoro.

Lugha ya C ilibuniwa na Mmarekani Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bado inatumika. Kiini cha mfumo wa Android, ulio katika simu nyingi mlizobeba leo, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C. Anayeanza hupewa vyombo viwili: printf, inayoandika kwenye skrini, na scanf, inayosoma kinachochapwa kwenye kibodi. Ili kuvitumia, huanza programu yake kwa mstari #include <stdio.h>.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Ni msimu wa maembe kule Mwala. Mnunuzi ana mizani na kompyuta ndogo, na kijana mmoja amemwandikia programu ya kukokotoa malipo ya mkulima. Kiini chake ni hiki:

int kilo;
double bei;
printf("Kilo ngapi? ");
scanf("%d", &kilo);
printf("Bei ya kilo moja? ");
scanf("%lf", &bei);
printf("Malipo: shilingi %.2f\n", kilo * bei);

Mistari miwili ya kwanza inatenga visanduku viwili vya kuhifadhi nambari. Neno int ni la nambari kamili, na double ni la nambari yenye desimali. Alama ya & inaiambia scanf kisanduku kiko wapi. Ukiisahau, programu inaweza kuandika mahali pasipofaa na kuzimika ghafla.

Kijana anaijaribu kwa kilo 10 na bei ya shilingi 40. Anapata 400. Anafurahi, anaikabidhi.

Kesho yake mkulima anafika na kilo 12.5. Mnunuzi anachapa 12.5. Sasa tazameni. %d inatafuta nambari kamili, kwa hiyo scanf inachukua 12 na kusimama kwenye nukta. Ile .5 haipotei, inabaki ikingoja. Swali la bei linapotokea, scanf ya pili haimngojei mtu. Inaikuta .5 na kuichukua kuwa ndiyo bei! Programu inazidisha 12 kwa 0.5 na kutangaza: Malipo: shilingi 6.00. Mkulima huyo alistahili shilingi 500.

Hapo hakuna onyo lililotolewa. Kompyuta imetii kila neno iliyoambiwa. Ndiyo sababu nawasihi mshike mambo matatu.

La kwanza, chagua kisanduku kinachofaa. Uzito una desimali, basi andika double kilo, na kwenye scanf tumia %lf. Na swali lako litaje kipimo, ili mtu asichape gramu ulipotaka kilo.

La pili, hesabu ulichosoma. scanf hurudisha idadi ya vitu ilivyofaulu kusoma. Mtu akiandika "Ksh 40" badala ya 40, itarudisha 0 na kisanduku hakitapata bei yoyote. Kwa hiyo andika hivi:

if (scanf("%lf", &bei) != 1) {
    printf("Andika nambari pekee.\n");
    return 1;
}

Ni afadhali programu isimame na kusema haijaelewa kuliko kuendelea na bei ya kubahatisha.

La tatu, msomee mtu alichokuambia. Ukaguzi wa hatua ya pili haunasi kila kitu. Mtu akiandika 1,500 kwa mkato, scanf itachukua 1, iishie kwenye mkato na kudai imefaulu. Kwa hiyo kabla ya malipo, onyesha kilo na bei ulizopokea, kisha uliza kama ni sawa. Jambo hili mnalijua tayari: M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007, hukuonyesha kiasi na anayetumiwa kabla pesa hazijatoka.

Vijana wangu, mkijaribu programu zenu msichape tu majibu mliyoyatarajia. Chapeni 12.5. Chapeni neno "kumi". Chapeni mkato. Kisha mwite mtu asiyejua programu hiyo inavyofanya kazi, mketishe mbele ya kibodi, nanyi mnyamaze mkitazama. Makosa mtakayoyaona hapo darasani hayatamfikia mkulima sokoni. Yeye hatawahi kuiona C yenu. Ataona shilingi anazopewa mkononi.