Jinsia Katika Orodha ya Kundi: Nani Aione?

Waheshimiwa wenyeviti wa LC1, akina mama na akina baba wafanyabiashara wa Busia,

Mmetuuliza iwapo kila mwanachama wa kundi la simu la wavuka mpaka aandikiwe "Ke" au "Me" kando ya jina lake. Tunajibu kwamba asiandikiwe, isipokuwa apende mwenyewe.

Kiswahili kimetutendea hisani. Anayeandika "nimepakia mahindi, navuka alfajiri" hajasema kama ni mwanamke au mwanamume, wala mnunuzi hana haja ya kujua. Ongeza "Ke" kando ya namba ya simu na saa ya safari, nawe umemwonyesha mwizi nani wa kumvizia njiani. Tunafahamu kuwa majina mengine hujitangaza, kwani Nafula si Wafula. Basi jina la biashara latosha.

Imesemwa kwamba polisi twahitaji hesabu ya wanawake. Ni kweli. Sheria ya Uganda yataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, hivyo sharti tupange askari wa kike. Lakini hesabu hiyo ikae katika daftari la katibu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo hairuhusu kukusanya taarifa kupita mahitaji.

Mama atakaye kujulikana, ili wenzake wamtafute wavuke pamoja, na aandike. Ana sababu njema. Asiyetaka asiulizwe, wala asiondolewe kundini. Makatibu waliokwisha kuandika, tunawaomba wafute leo jioni.